Siku Mama Mkwe Alipofungiwa na Nyumba

Ukiona mtu mzima amesimama mbele ya mlango, ameugeuzia mgongo na mkono mmoja ameupeleka nyuma kama mtoto anayeficha sukari, usimcheke. Ngoja kwanza nikusimulie.

Wewe unayenikuta njiani leo, jina langu ni Ambrose Nalianya, fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda changu cha Laini Saba, kule Kibera, kilipondwa na tingatinga pamoja na mashine yangu. Kazi ilipoisha, unga ukaisha. Unga ulipoisha, Bridgit mke wangu alimbeba binti yetu Annet akarudi kwao Kimilili.

Nililia, nikanyamaza, nikalia tena. Mwishowe rafiki yangu Osewe, askari wa geti kwenye fleti fulani za Riruta Satellite, akanitafutia kazi ya kutunza nyumba ya kijana anayeitwa Billy. Billy anaishi ng'ambo. Nyumba yake hupangishwa wageni wa siku mbili tatu, na mimi nina chumba changu kidogo nyuma ya jikoni. Billy mwenyewe alisema nikitaka kuleta mke na mtoto, niwalete.

Wiki jana niliishia pale Bridgit aliponipigia. Alikuwa tayari kurudi, lakini mama yake alikuwa ameweka sharti. Anakuja Nairobi Jumamosi aone kwa macho yake mahali binti yake na mjukuu wake watalala. Akiridhika, Bridgit na Annet ni wangu tena. Asiporidhika, nitafute mwingine wa kunipikia ugali.

Sasa sikiliza tatizo.

Kwetu Bungoma, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Mama mkwe akishika njia hii, wewe unashika ile, na kama njia ni moja, unaingia kwenye mahindi. Si chuki, ni heshima. Tangu nioe, mama huyo, ambaye Bridgit humwita mayi kwa Kibukusu, namjua kwa kikohozi chake na kwa picha moja iliyopigwa kanisani.

Kwa hiyo mpango ulikuwa mwepesi. Wao wakiingia, mimi nimetoka. Bridgit ampokee mama yake, amtembeze, ampikie, amsikie. Nitarudi jioni mama akishaondoka kwenda kulala kwa dada yake, Kangemi.

Nilimpigia Billy kuomba ruhusa.

"Hakuna shida, Ambrose," akasema. "Waje tu. Lakini wewe ukae ndani na wao muda wote. Hiyo nyumba inakujua wewe, hao haiwajui."

"Sawa, bosi."

Sawa! Neno hilo limeniua. Ningemwambia nini? Kijana amezaliwa Nairobi, amekwenda ng'ambo akiwa na miaka kumi na tisa, nimweleze kwamba fundi mzima namkimbia bibi mmoja mwenye Biblia? Nikaona haya. Nikajiambia liwalo na liwe, na likawa.

Nyumba ya Billy si nyumba kama tunazozijua. Mlango hauna ufunguo. Una namba za kubonyeza na una mahali pa kuweka kidole gumba, na magumba unayoyajua ni mawili tu, la Billy na langu. Kengele ya mlangoni ina jicho la kamera, na Billy huko aliko anaweza kuona anayegonga na kuzungumza naye. Taa hazina swichi za maana. Pazia zinajivuta. Kuna mashine ya duara ya kufagia inayotambaa sakafuni yenyewe.

Mnyapara wa vyote hivyo ni kispika kilichokaa juu ya kabati sebuleni. Jina lake Tekla. Anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari, tafadhali nyingi na samahani nyingi. Mlango ukifungwa unamwambia Tekla, Tekla anaziambia taa, taa zikizimwa pazia zinapata habari. Nimekaa Laini Saba, mahali ambapo ukikohoa jirani anakuambia pole kupitia ukutani, lakini umbea kama ule wa vifaa vya Billy sijawahi kuuona.

Jumamosi asubuhi Osewe alinipigia kutoka getini.

"Buda, wamefika. Mathe ako na begi na kuku hai."

Nikateremka kwa ngazi za nyuma mbio, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Mama akapita. Niliona raba nyeupe, soksi nyeupe na miguu ya kuku ikining'inia. Juu ya hapo sikuthubutu kuangalia. Nyuma yake nilisikia sandali za Bridgit, na moyo wangu ukapiga teke.

Namba za mlango nilikuwa nimempa. Nikasikia mlango ukilia tii, wameingia. Nikashika njia kuelekea Kawangware, nikakae huko kwa fundi mwenzangu hadi jioni.

Sikufika. Nilikuwa nimefika sokoni penye wauza mitumba Bridgit alipopiga.

"Ambrose! Hii nyumba iko na nini?"

"Iko aje?"

"Taa zote zimezima! Pazia zimejifunga! Kuna kitu inatembea hapa chini inakula kamba ya kiatu ya mayi!"

"Hiyo ni ya kufagia. Haiumi."

"Na mlango imekataa kufunguka! Skia sasa!"

Nikasikia sauti ya Tekla, tulivu, kama anatangaza hali ya hewa. "Nyumba hii haina mtu. Kuna mtu ndani ya nyumba. Tafadhali ondoka mara moja."

Halafu sauti ya mama mkwe wangu, kwa mbali. "Niondoke wapi na umenifungia?"

"Tafadhali ondoka mara moja."

"Shindwa kwa jina la Yesu!"

King'ora kikaanza. Nikatia simu mfukoni nikakimbia kama mwizi wa kuku, watu wa Kawangware wakanipisha wakidhani nafukuzwa. Nilipofika karibu na geti, jasho likinidondoka, king'ora kikanyamaza chenyewe. Nikainua macho. Pazia za ghorofa ya tatu zilikuwa zinafunguka taratibu, na taa zinawaka.

Bridgit akapiga tena. "Imenyamaza. Mayi anasema ni maombi."

"Asifiwe Bwana," nikasema, na kwa kweli nilishukuru.

Nikangoja kidogo, nikaondoka tena. Sikuvuka hata barabara ya pili. King'ora! Nikarudi, kikanyamaza. Nikajaribu mara nyingine kwa kunyata, kana kwamba nyumba ingenisikia nikikanyaga kokoto. King'ora!

Osewe alikuwa amekaa kwenye kibanda chake cha geti akinitazama ninavyokwenda na kurudi.

"Buda, hiyo keja inakupenda kuliko bibi yako," akasema.

"Osewe, nisaidie. Mambo yameniharibikia."

"Kwani ile siku ulienda duka ukawacha simu kwa chaji, ilipiga kelele?"

Nikafikiria. "Hapana."

"Na wageni walikuwa ndani?"

"Walikuwa."

"Basi ni simu, msee. Hiyo nyumba haijui wewe. Inajua simu yako. Simu ikitoka inasema Ambrose ametoka, hao wengine ni wezi."

Nilikaa chini. Ndipo nikaelewa maneno ya Billy, kwamba nikae ndani muda wote. Nyumba haitulii bila mimi kuwa ndani. Mama mkwe hawezi kukaa nikiwa ndani. Mmoja kati yao lazima avunjiwe heshima, na hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini.

"Sasa peleka simu ndani, wewe ubaki nje," Osewe akasema. "Nyumba itajua uko, mathe atajua hauko. Kila mtu anafurahi. Hata sisi kwetu hauwezi cheza na mama mkwe, naelewa hiyo maneno yako."

Nilimkumbatia. Kama ningejua ningemzaba kofi.

Bridgit akashuka kuchukua simu. Tulisimama kando ya tangi la maji. Miezi yote ile nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na yote yakapotea.

"Umekonda," akasema.

"Wewe umenona. Kimilili imekupenda."

Akacheka, akaficha mdomo kwa mkono, vile vile kama zamani. Nilitamani kumshika lakini nilihisi kama mama yake anatuangalia kupitia ukutani.

"Annet?"

"Amebaki Kimilili. Anauliza baba ako wapi. Nikimwambia Nairobi, anauliza Nairobi iko wapi." "Ambrose, mayi ameogopa sana. Na unajua presha yake. Amesema akiskia hiyo kelele tena anabeba begi. Na akibeba begi, mimi siwezi baki."

"Haitalia tena. Chukua hii simu, uiweke kwa meza, usitoke nayo."

"Una hakika?"

"Bridgit, nakuapia."

Akaichukua, akapanda ngazi. Mlangoni akageuka akanipungia. Hiyo ndiyo picha ninayolala nayo siku hizi.

Kukawa kimya, kimya kitamu. Nilikaa kwa Osewe nikinywa chai yake ya kopo, nikiangalia dirisha la ghorofa ya tatu. Pazia wazi, taa zimetulia. Mara nilisikia harufu ya kuku ikishuka, nikajua mama amepewa jiko na amelikubali. Mwanamke hawezi kupika mahali asipopapenda, nilijiambia. Nilikuwa nafurahi kama mjinga.

Simu ya Osewe ikaita. Namba ilikuwa yangu.

"Ni mimi," Bridgit akanong'ona. "Yangu imeisha moto, nimetumia hii yako. Ambrose, mambo ni mazuri. Mayi amekula. Amekagua kile chumba chako, ameangalia hadi chini ya kitanda. Amesema mwanaume anayefagia chini ya kitanda bado ana akili."

"Amesema hivyo?"

"Na ametabasamu. Sasa nimemwambia akuwe anapumzika, halafu aoge. Akitoka kuoga atasema neno lake."

"Neno gani? Bridgit, neno gani?"

"Sijui! Lakini mimi nimeanza kuhesabu nguo za Annet za kuleta."

Akakata. Osewe alikuwa amesikia yote, akanipa mkono tukagongana ngumi.

Msomaji wangu, hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza akasubiri. Mvumilivu hula mbivu, tuliimbiwa tangu darasa la pili. Lakini mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa, nikaona muda umepita wa kutosha kuoga kanisa zima. Mama lazima ametoka. Amesema nini? Mbona Bridgit hanipigii?

"Osewe, nipe simu."

"Tulia, buda."

"Nipe simu."

Nikapiga namba yangu mwenyewe.

Kuna jambo nililolisahau, na nyinyi mnaonicheka mngelisahau pia. Billy aliiunganisha simu yangu na Tekla ili akinipigia nikiwa nasugua choo, nisihangaike na mikono yenye sabuni. Simu ikiita na isishikwe, Tekla anaipokea mwenyewe. Na Tekla hana mdomo mmoja. Ana mdomo sebuleni, mdomo jikoni, mdomo chumbani, na mdomo mwingine kwenye dari ya bafu, ambao Billy aliuweka ili wageni waoge na muziki.

Wakati ule, nilikuja kujua baadaye, Bridgit alikuwa juu ya paa akianika leso ya mama yake. Simu alikuwa ameiacha mezani, kama nilivyomwagiza. Alinitii. Mke wangu alinitii na ndipo tulipoharibikiwa.

Simu ikapokelewa. Hakuna aliyesema halo.

"Mpenzi," nikasema.

Halafu nikasikia maji yakimwagika.

"Bridgit wangu, mbona hujibu? Nimekutamani vibaya. Nasikia maji. Kumbe unaoga bila mimi?"

Maji yakasimama.

"Leo sikuachi," nikasema. "Hata mama asikie, asisikie."

Ukemi uliotoka ndani ya simu ile, na ukemi uliotoka dirishani juu yangu, vilinifikia pamoja. Ulikuwa ukemi wa mtu mzima. Nikajua. Nikaitupa simu ya Osewe mezani kama imeniunguza.

Nimemwambia mama mkwe wangu maneno yale, akiwa bafuni, kutoka darini, kwa sauti yangu mwenyewe. Kwetu kosa kwa mkwe huoshwa kwa mbuzi, lakini hakuna mbuzi wa kuosha jambo kama hilo.

Lakini nyumba haikunipa nafasi ya kuona aibu. Tekla akisikia ukemi anajua kuna hatari. Akauambia mlango, mlango ukajikaza. Akaziambia taa, zikaanza kuwaka na kuzima. Akauambia ulimwengu wote, king'ora kikalia hadi mbwa wa Satellite wakaanza kuitikia. Na akamwambia Billy, huko ng'ambo, kitandani mwake.

Nilipanda ngazi tatu tatu. Nilimkuta Bridgit mlangoni, karai mkononi, amelowa, anabonyeza namba.

"Inakataa! Nimebonyeza mara tatu inakataa! Ni nini imefanyika?"

"Bridgit..."

"Mayi yuko ndani pekee yake! Umefanya nini?"

Nilishindwa kumwambia. Mpaka leo sijamwambia yote, ninyi ndio mnajua wa kwanza.

"Hatari ikitokea namba hazifanyi kazi," nikasema. "Na ndani hakufunguki pia. Kuna mgeni alitoroka na televisheni, Billy akaufunga mlango pande zote mbili. Ni kidole tu. Kidole changu."

"Basi fungua!"

Nikanyosha gumba. Akanidaka mkono hewani.

"Ngoja! Mayi alikuwa anaoga."

Tukatazamana.

"Ambrose, ukifungua hiyo mlango umuone vile alivyo, mimi na wewe tumeisha. Haijalishi atasema nini. Hataweza kukaa kikao kimoja na wewe hata kwa matanga. Na Annet ataambiwa."

"Najua."

"Unajua na bado unanyosha kidole?"

"Nifanye nini, Bridgit? Niambie wewe. Chochote unachotaka nitafanya."

Ndani, mama alikuwa anaomba kwa sauti. Tulimsikia kati ya milio ya king'ora, akiita majina ya Mungu kwa Kibukusu. Halafu tukasikia kitu kikianguka, kizito, na maombi yakakatika.

"Mayi?" Bridgit akaita. Akapiga mlango kwa karai. "Mayi! Mayi, jibu!"

Hakuna jibu.

Uso wa mke wangu ukabadilika. "Geuka," akasema. "Geuza mgongo. Weka kidole ukiwa umeangalia huko. Mimi niingie, wewe ubaki."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimesimama kama nilivyokuelezea mwanzo. Niliangalia ukuta wa jirani. Nilifumba macho juu ya hapo, nisije nikaona hata kivuli. Nikapeleka mkono nyuma, nikapapasa. Bridgit akaushika, akaliongoza gumba langu hadi mahali pake.

Tii.

"Karibu nyumbani, Ambrose," Tekla akasema. King'ora kikazima. Nilisikia pazia zikifunguka, taa zikitulia, na muziki laini wa kukaribisha wageni ukianza kucheza. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilifurahi kwamba nimefika.

Bridgit akapita nyuma yangu, akauvuta mlango nyuma yake upesi, nisione. Ukajifunga. Nikabaki ukumbini na ukuta.

"Mayi! Mayi, niangalie! Uko sawa?"

Nilisikia maji yakifungwa, vitu vikisukumwa. Nikaanza kuomba, mimi ambaye sijaomba tangu tingatinga.

"Ambrose!"

"Niko hapa!"

"Ameanguka kwa bafu! Amegonga kichwa! Nimemfunika na shuka lakini siwezi kumwinua, ni mzito, na nikimwachilia kichwa kinalala kwa sakafu! Ingia!"

Sikusogea. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Bridgit, unanijua mimi ni nani kwake."

"Ingia!"

"Wacha nimwite Osewe. Wacha nitafute mama jirani, mtu yeyote..."

Nikasikia sauti nyingine, ndogo, iliyochoka, inayosema kitu ambacho sikukishika. Kisha Bridgit akalia, na ndani ya kilio akasema, "Ni mayi mwenyewe anasema. Anasema mwite mkwe wangu aingie. Ambrose, amekuita. Amekuita mkwe."

Sijui kama unaelewa. Neno lile nililolingoja asubuhi yote nyuma ya tangi la maji, neno la kumrudisha Annet, mama alikuwa amelisema akiwa sakafuni.

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza nikaukabili ule mlango uso kwa uso, machozi yananitoka, nikaweka gumba.

Taa nyekundu.

Nikalifuta gumba kwenye shati nikaliweka tena. Nyekundu. Nikabonyeza namba. Nyekundu.

Kengele ya mlangoni ikakwaruza, halafu ikaongea, si kwa sauti ya Tekla.

"Wewe ni nani?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyetolewa usingizini. "Usiguse huo mlango tena. Nimefuta vidole vyote. Watu wa ulinzi wako njiani."

"Billy! Bosi! Ni mimi, Ambrose!"

"Usinichezee. Nimeona kwa kamera. Mtu ameficha uso, ameingiza mkono kwa mgongo kufungua mlango wangu, mwanamke analia. Unadhani mimi ni mjinga?"

"Sikuficha uso! Nilikuwa namheshimu mama mkwe!"

"Nini?"

"Billy, niangalie! Niangalie sasa! Ni Ambrose!"

"Ambrose yuko ndani," Billy akasema. "Simu yake iko ndani. Naiona hapa. Umemfanya nini Ambrose?"

Nikasogeza uso wangu hadi pua ikagusa lile jicho la kengele. Nikafuta machozi ili anione vizuri. Lakini mwanga mdogo unaolizunguka ulikuwa umezimika. Alikuwa ameshakata, labda akiwapigia hao walinzi, labda akipigia simu yangu iliyokuwa mezani ndani, nije nijibu kama niko salama.

Nikapiga mlango kwa bega. Ni chuma. Nimechomelea milango ya aina hiyo kwa mikono yangu, najua haivunjiki kwa bega.

Ndani, Bridgit akaita tena. Hakuwa anapiga kelele sasa. Sauti yake ilikuwa karibu na sakafu, ya mtu aliyepakata kichwa cha mwenzake.

"Ambrose, mbona huingii?"

Nikavuta pumzi nimjibu.

"Mayi anauliza," akasema. "Anauliza kama umekataa."

Nikafungua mdomo, na king'ora kikaanza upya.